Zamu ya Mama Mkwe

Maagizo yalikuwa mafupi: mwagilia, na usikate kitu.

"Hata jani," Sista aliongeza, mkoba begani, dereva wa teksi akimpigia honi. "Hata likiwa limekauka. Hata likikuomba."

"Mke wangu, mimi ni mtoto mdogo?"

"Mtoto mdogo ningemnyang'anya mkasi nikaenda zangu na amani. Wewe nimekufichia, na najua utautafuta."

Kinyozi alicheka, akamfungia mlango wa gari, akapunga mkono mpaka teksi ikakata kona. Binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika mji mwingine, na Sista alikwenda kuogesha mtoto na kumlisha mama mpaka apate nguvu. Mkasi wenyewe Kinyozi aliukuta siku chache baadaye, umezama ndani ya debe la mchele. Hakuwa anautafuta. Alikuwa anapika, basi, na mtu akipika si lazima achote mchele?

Huyu Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, tena mkuu wa wodi kwa miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, mumewe akiwa wa kwanza. Alipostaafu aliaga hospitali, lakini wodi yake hakuiacha, aliihamishia nyuma ya nyumba. Bustani yake ile aliipanga kwa zamu. Mayungiyungi yalishika zamu ya mvua. Mkomamanga ulipokea mvua zilipopungua, ukakabidhi kwa asumini, asumini ikakabidhi kwa jakaranda kubwa la pembeni, na kuendelea hivyo mpaka mwaka unazunguka. Kanuni ilikuwa ile ile ya wodini: anayetoka haondoki mpaka anayeingia amefika. Iwe mvua, iwe jua, hapakuwa na siku ambayo bustani ile haikuwa na ua lililo macho.

Kila Jumamosi geti lilikuwa wazi kwa yeyote. Kiingilio kilikuwa kopo la maji. Unafika, unachota pipani, unamwagilia mmea uliokupendeza, kisha unatembea utakavyo chini ya matawi ambayo kwa umri wake yalikuwa yamekutana juu ya njia na kushikana. Walikuja wazee, walikuja wapenzi wasiotaka kuonekana, walikuja watu waliokuwa na neno zito moyoni na hawana pa kwenda nalo. Kuchuma ilikuwa marufuku. Aliyenyoosha mkono kwenye ua alisikia jina lake likiitwa kutoka upande wa pili wa bustani, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha wodi nzima.

Kazi ya Kinyozi ilikuwa getini. Kukaribisha watu, kugawa makopo, kucheka nao. Kazi hiyo aliiweza sana, lakini haikumtosha. Alikuwa amefunga duka lake la kunyolea la chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kwa sababu magoti yalikataa kusimama kutwa. Kiti cha kuzunguka kilikuwa bado palepale, na vioo viwili vikubwa vilivyotazamana ukutani, na beseni la kuoshea vichwa. Magoti yalistaafu, mikono haikupewa taarifa. Kila alipopita penye kichaka kilichochanua ovyo, vidole vilimuwasha. Aliomba apewe hata ukingo mmoja wa kupunguza, na Sista alimjibu kila mara neno lile lile: "Mimea haina nywele."

Na katika mimea yote, kulikuwa na mmoja ambao Kinyozi hakuruhusiwa hata kuuegemea. Huo uliitwa Mama Mkwe.

Jina alilitoa yeye mwenyewe. Siku walipooana, mama yake Sista alifika na mche mdogo ndani ya kopo la maziwa, akamkabidhi bwana harusi mbele ya watu wote, akamwambia: "Huu ukifa, nitajua unavyomtunza mwanangu." Hakuna aliyejua jina halisi la mmea ule. Kinyozi alikaa mwaka mzima akiuchungulia asubuhi kabla hajanawa uso, roho mkononi, akiuamkia kwa adabu zote: shikamoo, mama mkwe. Jina likakaa. Mama mwenyewe alipolisikia alicheka hadi akashika mbavu, na alipofariki, Sista alibaki na mti.

Zamu ya Mama Mkwe ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Ilikuwa yale majuma ya mwisho ya kiangazi, ardhi imepasuka, wengine wote wamelala. Mti ulipukutisha majani yote, ukabaki fito tupu, halafu ghafla ukafunika fito zile kwa maua meupe kuanzia shina hadi ncha. Watu waliosafiri kuja kuuona waliomba kitawi wakapande kwao. Fundi Redio, jirani wa mkabala, aliomba kila mwaka. Sista aligawa miche ya kila kitu bustanini, lakini huo hapana. "Mama yangu hagawanywi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka huu mambo yalizidi uzito. Mtoto mchanga alipewa jina la mama yake Sista. Sista alipiga simu kutoka kwa binti yao, sauti imejaa kicheko na machozi.

"Baba, somo wa mama yangu huyu, ukimwona! Ana paji lile lile. Ananiangalia kama ananidai. Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja naye. Nataka apigwe picha chini ya mti wake ukiwa umechanua, kama tulivyompiga mama yake."

"Njooni," Kinyozi alisema, na moyo ukamjaa. "Mtakuta kila kitu kiko safi."

Neno hilo "safi" ndilo lililomponza.

Maana alipokata simu alikwenda kuutazama mti kwa macho ya mtu anayetarajia wageni. Akauona jinsi ulivyo: umekauka, hauna jani, fito zimetapakaa huku na huku, moja imechomoza hadi njiani ambako itamchoma mtoto jichoni. Mjukuu wake apigwe picha na kichwa kama kile? Aliufuata mkasi kwenye debe la mchele.

Alikata fito moja tu. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi anajua kilichofuata. Alirudi nyuma hatua, akainamisha kichwa, akaona kulia kumepungua kuliko kushoto. Akapunguza kushoto. Sasa juu kukawa na kishungi. Akaondoa kishungi. Kulia tena kukazidi. Mikono ilikuwa imepata kazi na ilikuwa na raha isiyoelezeka, naye akawa anapiga mluzi, anazunguka mti na kuuliza kwa mazoea, "Pembeni nichonge?" Alipomaliza, Mama Mkwe alikuwa mviringo mzuri, mfupi, sawasawa pande zote. Kazi ya kinyozi bingwa.

Kisha akachukua ufagio, maana kinyozi mwenye heshima hafungi kazi bila kufagia. Alipoinama kukusanya fito, akaona kwamba kila moja ilikuwa na vitone vidogo vimejipanga pande zote mbili, vigumu kama pilipili manga. Akakibonyeza kimoja kwa ukucha. Ndani kulikuwa kweupe.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alitazama mti, akatafuta kitone hata kimoja kilichosalia. Hakikuwepo. Alikuwa ameikata zamu nzima ya maua ya mwaka ule kwa mchana mmoja, tena kwa mluzi.

Ukuta wa jirani ulikuwa mfupi, na jirani wa upande huo alikuwa dada yake mwenyewe, mkubwa wake, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa habari. Kichwa chake kilitokeza juu ya ukuta.

"Kaka, nimesikia mkasi." Akatazama mti. Akatazama tena. "Wewe! Umemnyoa mama mkwe wako?"

"Dada, nakuomba, punguza sauti."

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema mama mkwe ndiye anyolewe!" Alicheka mpaka akashuka ukutani, akawa anasikika tu kutoka upande wa pili. Aliporudi macho yalikuwa yanamtoka machozi. "Wifi anakuja na mtoto lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Basi nunua maua ya plastiki tuyafunge na uzi. Atajuaje, na miwani ile?"

"Mtu aliyekuwa anajua mgonjwa amemeza dawa au ameitemea chini ya mto kwa kumtazama tu usoni, umfungie plastiki?"

Dada akakubali kwamba hilo halitafaa. Lakini fito zilizolala chini zilimtia Kinyozi hofu zaidi ya mti, kwa kuwa mti unaweza kusingiziwa ugonjwa, ila fito zilizokatwa ni ushahidi. Kuzitupa moyo ulikataa. Kuzichoma ndiyo kabisa, utachomaje zawadi ya mkweo? Akazibeba mafungu kwa mafungu hadi chumba cha mbele, akazisimamisha kwenye beseni la kuoshea vichwa, kwenye ndoo, kwenye mitungi ya maji, hata kwenye kikombe alichokuwa akikorogea sabuni ya ndevu. Akatia maji, kwa heshima tu, kama mtu anavyompa mgonjwa asiyepona. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Siku zile alipiga simu akiwa amekusudia kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameoa muuguzi, msemo huo aliusikia kuliko salamu. Lakini kila alipofungua kinywa, mtoto alilia.

"Mama Mkwe anaendeleaje?" Sista aliuliza.

"Ndiyo nilikuwa nataka kukwambia. Unajua, amekuwa... nadhifu."

"Nadhifu vipi?"

Mtoto akapiga kelele. "Ngoja, ngoja, mama yangu ananiita," Sista alisema kwa furaha, na simu ikakatika. Kinyozi alimshukuru mjukuu wake na wakati huohuo akamlaumu.

Ijumaa aliamka ameamua. Atamngoja mkewe getini na kusema kabla hajavuka kizingiti, na litakalokuwa na liwe. Kwanza lakini atoe zile fito zilizooza chumba cha mbele, isije ikawa aibu juu ya aibu. Akachukua toroli, akafungua mlango.

Harufu ndiyo iliyomtangulia. Ilikuwa ile ile ya kila mwaka, ya tangawizi na shuka lililoanikwa juani. Chumba kile chenye bati la moto juu na dirisha kubwa la barabarani kilikuwa kimezipasha joto fito zile mchana kutwa, na pilipili manga zote zilikuwa zimepasuka. Beseni lilikuwa jeupe. Ndoo zilikuwa nyeupe. Kikombe cha sabuni kilikuwa kimefurika povu ambalo halikuwa povu. Na vile vioo viwili vinavyotazamana vilichukua maua yale, vikarushiana, hadi chumba kikawa hakina mwisho, ni Mama Mkwe tu kuelekea mbele na nyuma, na katikati yake mzee mmoja ameshika toroli na mdomo wazi.

Kinyozi alicheka peke yake. Alijipiga mapajani. Alizungusha kiti mara kadhaa, basi tu. Kisha akaufuata ukuta na kuita, "Dada! Dada, njoo! Na ukija vua viatu!"

Jumamosi wageni walijaa mapema kuliko kawaida, maana dada alikuwa amepita nyumba hadi nyumba, na habari zikipitia kwa dada hazipungui. Fundi Redio alikuwa wa kwanza na kopo lake. Walikuwa bado wanamwagilia mimea teksi iliposimama. Binti alishuka na mtoto, amefungwa vizuri, na nyuma yake Sista, ambaye hakusalimia mtu. Miguu yake ilijua njia. Ilimpeleka moja kwa moja hadi penye mti.

Sista aliutazama ule mviringo kwa muda. Akagusa kikonyo kimoja, akaona kilivyokatwa, kwa usafi na kwa mshazari, kazi ya mkono unaojua kazi.

"Nani yuko zamu?" aliuliza, bila kugeuka.

"Nimeukata mimi," alisema Kinyozi. Sauti ilimtoka ndogo. "Hakuna aliyenituma. Nilitaka mtoto aukute umependeza. Nilidhani umekauka, nikaanza na fito moja, halafu nikasawazisha."

"Nilikwambia hata likikuomba."

"Uliniambia."

"Na hukuniambia kwenye simu."

"Nilijaribu. Lakini hilo nalo ni kosa langu, si la mtoto. Mke wangu, umeuliza nani yuko zamu. Njoo nikuoneshe."

Akamshika mkono, na watu wote wakawafuata na makopo yao yakidondosha maji njiani, mpaka chumba cha mbele. Akafungua.

Sista alisimama mlangoni. Halafu akafanya alichojua kufanya maisha yake yote: akazungukia wagonjwa. Alikwenda ndoo kwa ndoo. Aliinamisha mitungi, akanusa maji, akageuza kitawi kilichomwelekea ukuta.

"Maji haya umebadilisha lini?"

"Asubuhi."

"Hm."

Akafika kwenye kikombe cha sabuni ya ndevu. Hapo mabega yakaanza kutikisika, na Kinyozi akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa kicheko kilekile cha mama yake, cha kushika mbavu, na machozi yakaja katikati ya kicheko, naye hakuyafuta. "Mama yangu amekalishwa kiti cha kinyozi," alisema. "Laiti angejiona."

Binti alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, mtoto mapajani, maua kila upande hadi mwisho wa vioo. Picha ilipigwa, na mpiga picha, Fundi Redio, alitokea ndani yake mara tano. Kisha yeye huyohuyo, kwa mazoea ya miaka, akakohoa.

"Sista, kitawi kimoja tu?"

Watu wakamwangalia kwa huruma. Sista naye alizitazama ndoo, akageuka kutazama mti kupitia mlango wa uani.

"Nimeendesha wodi miaka yote ile," alisema taratibu, "sikuwahi kumwachia mtu zamu peke yake bila wa kumshikia. Akiugua je? Huyu nilimwacha peke yake tangu tuoane." Akashusha pumzi. "Chukua, Fundi. Chukueni wote. Kila mtu tawi lake, maua yakianguka mlipande. Na nitapita raundi, msidhani sitapita!"

Alipita kweli. Mengi ya matawi yale yalikufa, kwa maji mengi au kwa kusahauliwa, na wenyewe walisikia walichosikia. Mkasi ulirudi kwenye debe la mchele, na Kinyozi akarudi getini, ameridhika kwamba amesamehewa na hajaaminiwa.

Mwaka ukazunguka. Mvua zikaja na mayungiyungi, mkomamanga ukapokea, asumini ikapokea, jakaranda likamwaga zambarau yake yote njiani. Mama Mkwe alirudisha fito mpya, ndefu na laini, lakini zilikuwa changa mno. Majuma yale makavu yalipofika, Sista alizikagua asubuhi baada ya asubuhi kwa kidole. Hakukuwa na kitone.

Jumamosi ya zamu aliketi ngazini na kikombe cha chai kilichopoa. Binti alikuwa amekuja, na mtoto alikuwa ameanza kutembea, mikono juu, akianguka na kuinuka.

"Geti lisifunguliwe leo," Sista alisema.

Kinyozi alihisi kila fito aliyoikata ikimchoma kifuani upya. Alikwenda kugeuza kibao cha "Karibu", na akiwa bado ameshika kibao, geti likagongwa.

Alikuwa Fundi Redio. Mikononi alishika kopo la rangi lililojaa udongo, na ndani yake mche usiozidi magoti, fito ile ile komavu ya mwaka jana iliyoshika mizizi, mkavu, hauna jani. Kwenye ncha yake yalikuwepo maua matatu meupe.

"Nimekuja kumshikia zamu," alisema, mwenyewe akiona haya kidogo.

Nyuma yake alikuwepo dada, na mche wake kwenye sufuria iliyotoboka. Nyuma ya dada alikuwepo mwalimu wa mtaa wa juu na ndoo. Kisha wapenzi wale wasiotaka kuonekana, sasa wameoana, wamebeba kopo moja wawili. Waliingia mmoja mmoja na kuyapanga makopo yao chini, kuuzunguka mti, na Sista alikuwa amesimama, mkono mdomoni, asiweze hata kukagua. Maua yote kwa pamoja yasingejaza kofia. Harufu ilikuwa imefika ngazini.

Katikati ya furaha ile hakuna aliyemwangalia mtoto. Alikuwa ameyumba hadi kwenye kopo la Fundi, ameshika ukingo, ameinuka. Akanyoosha mkono, akachuma ua moja kati ya yale matatu, akalitazama, akalitia mdomoni.

"Hapana!" Kinyozi aliruka, magoti yasiyoweza yakaweza. Bustani nzima ilisubiri ile sauti ya wodini.

"Mwache, Kinyozi," alisema Sista. "Mwenye mti amekuja."